Mkasi na Kopo la Vifungo

Bwana mifugo hakunificha kitu. Aliniambia kifaranga wa bata mzinga huzaliwa akitafuta sababu ya kufa. Ukimwekea maji, atasimama kando ya maji mpaka kiu imuue. Ukimmwagia chakula, atakwenda kudonoa kivuli cha mguu wako. Akianguka chali atabaki chali, miguu juu, akilia, mpaka apite mtu wa kumgeuza. Nikamjibu kwamba nimeshona sare za shule miaka thelathini na moja na sijakutana na mtoto mjinga aliyenishinda. Akacheka, akanipa sita ndani ya boksi la viatu.

Sikwenda kwake kutafuta bata. Nilimpelekea suruali mbili nilizompunguzia kiuno, na moja nilikuwa nimeiharibu, mshono umekwenda upogo kama njia ya mlevi. Mimi huyu, niliyekuwa nikinyoosha mshono hata umeme ukikatika. Mwaka ule macho yalikuwa yameanza kunigeuka. Mtoto wa jicho, daktari alisema, yote mawili; la kushoto limeshakwenda, la kulia linafuata. Bwana mifugo aliitazama ile suruali, akaikunja, ndipo akaanza habari za vifaranga. Nadhani alinionea huruma. Huruma mimi siipendi, lakini vifaranga niliwachukua.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu wa mwisho, katika nyumba waliyotuachia wazazi. Yeye alikuwa mpishi msaidizi kwenye kantini ya kiwanda cha sabuni, mwaka wa kumi na tisa huo akiwa msaidizi. Mimi nilishonea chumba chenye dirisha la uani, kwenye cherehani ya miguu. Tangu macho yangu yaanze visa, kila alfajiri kabla ya kwenda kazini alikaa kwenye kiti changu akanitungia uzi sindano ishirini, nyeusi kumi, nyeupe tano, bluu tano, akazichomeka kwenye kijimto kwa safu. Hakuwahi kusahau hata siku aliyoamka na homa. Nayasema haya mapema ili msije mkasema nilikuwa na ndugu mbaya. Ndugu mbaya ningemjua.

Alipoliona lile boksi aliniuliza kama cherehani imenichosha, nataka kufungua kituo cha kulea watoto. Kisha akainama, akamchukua mmoja kiganjani, akampulizia manyoya taratibu, akasahau utani wake wote.

Wawili walikufa wiki ya kwanza, na nilikiri kwamba bwana mifugo hakuwa ametia chumvi. Waliobaki niliwafundisha kula kama unavyomfundisha mtoto kusoma, herufi moja kwa siku. Ndani ya kisahani cha maji niliweka vifungo vikubwa vya kioo, vya makoti ya zamani, kwa kuwa nilikwisha ona kwamba kitu kinachong'aa hawakiachi. Walidonoa vifungo, midomo ikalowa, wakagundua maji. Kwa chakula nilifanya hivi: niliweka kopo la vifungo kando ya punje, nikawa nagonga kifuniko kwa ncha ya mkasi, ti-ti-ti, kama mama anavyogonga chini kwa mdomo kuwaonyesha wanawe. Na kwa ushauri wa bwana mifugo niliwatilia katikati yao kifaranga mmoja wa kuku wa kawaida, jike, ili awaonyeshe maisha yanavyokwenda. Huyo tulimwita Mwalimu. Alikula, wakatazama. Alikunywa, wakatazama. Alipochoka nao aliwapiga.

Baada ya wiki mbili nyumba haikuwa yangu tena. Walilala chini ya cherehani, juu ya mguu wangu wa kushoto, na walipenda mwendo wa pedali kuliko kitu chochote duniani. Nikisimamisha mguu kukata uzi, wote wanne walipaza sauti mpaka nianze tena. Nilishona mishono ambayo haikuhitajika ili tu wanyamaze. Ukikaa chini wanakupanda. Ukivaa hereni wanazing'oa. Waliniangalia usoni nilipozungumza, kichwa upande, jicho moja moja, na walinijibu kila nilipomaliza sentensi, jambo ambalo marehemu mume wangu hakuliweza kwa miaka kumi na minne.

Mmoja wao alitoka na kidole kilichopinda, kidole cha kati cha mguu wa kulia. Alitembea akichechemea, na wenzake wakamsukuma kwenye chakula. Bwana mifugo alisema huyo hatafika mbali. Nikakasirika. Nilichukua kitambaa kigumu kile cha ndani ya kola, nikakata kiatu kidogo kwa kukisia kwa vidole maana macho hayakufika huko, nikakinyoosha kidole, nikamvalisha. Siku sita alitembea na kiatu chake akikiinua juu kama anayevuka matope. Nilipomvua, kidole kilikuwa kimenyooka karibu chote. Kilibaki na kifundo kwenye kiungo, ukubwa wa punje ya mahindi. Kila jioni alipopanda mapajani nilikuwa nakipapasa kile kifundo kwa kidole gumba huku nasikiliza redio, mpaka alale.

Huyo ndiye tuliyemwita Diwani. Jina alilitafuta mwenyewe. Alipokua akatoa kifua, akatandaza mkia, akawa hawezi kusikia mtu anapaza sauti bila kutoa hoja. Mlango ukigongwa, anajibu. Mtu akipiga chafya, anajibu. Kuna mteja wangu mmoja, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, nilikuwa nampima kiuno akacheka, Diwani akajibu kutoka uani, mama yule akazidi kucheka, Diwani akazidi kujibu, mpaka utepe wa kupimia ukanitoka mkononi na gauni lake likaja kumbana. Kichwa cha Diwani kilibadilika rangi kwa hasira na kwa furaha, chekundu, bluu, mara cheupe pe. Nilikuwa naziona rangi hizo kama ukungu tu, lakini niliziona.

Mimi si mtoto. Najua ndege wa kufugwa mwisho wake ni nini. Wale wenzake watatu walikwenda mmoja mmoja kadiri walivyonenepa, wawili kwa bwana mifugo, mmoja kwenye kantini ya mdogo wangu, na sikumlilia hata mmoja. Lakini kuhusu Diwani tulizungumza wazi, mimi na mdogo wangu, tumekaa kwenye ngazi ya uani. Nilimwambia huyu si wa chungu. Nilimwambia sina mume, sina mtoto, na macho yanakwenda. Huyu ananijibu nikiita. Hakutania kama kawaida yake.

"Huyu ni mwanao, dada," alisema. "Mwanao siwezi kumgusa."

Hospitali waliniita nikafanyiwe jicho la kulia mwezi ambao mdogo wangu alikuwa na yake kichwani. Mpishi mkuu wa kantini alikuwa anastaafu. Meneja mpya alikuwa anakuja, na watampokea kwa chakula cha jioni, na kila mtu kiwandani alijua kwamba atakayepika chakula kile bila aibu ndiye atakayekabidhiwa jiko. Miaka kumi na tisa alikuwa amewaonjea watu wengine chumvi. Nilimuombea. Asubuhi ya kwenda hospitali aliniandalia mfuko, akanifunga kamba za viatu, nikamwambia maneno mawili tu: chakula chake saa moja na saa kumi, na mkasi wangu usishikwe. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba tangu alipokuwa mdogo. Mkasi wa kitambaa hukati nao karatasi, hukati nao uzi wa gunia, hukati nao kitu. Unakaa kwenye msumari wake kando ya dirisha.

"Nenda dada," alisema. "Nitamtunza kama mboni ya jicho langu."

Nilikaa hospitali siku nne. Siku ya tatu alikuja na chupa ya supu, akanilisha kwa kijiko kwa kuwa nilikuwa nimefungwa bandeji jichoni. Alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Chakula cha meneja kimekwenda vizuri, alisema, watu wamesimama kumpigia makofi. Nikamshika mkono, nikafurahi. Nilimuuliza Diwani hajambo, akasema hajambo.

Nilirudi nyumbani jicho la kulia limefungwa, la kushoto halioni ila mwanga wa mlangoni. Daktari alinipa amri: wiki mbili nisiiname, nisitoke kwenye vumbi, nisilie. Nilicheka kwa hiyo ya mwisho. Mimi si mliaji. Mdogo wangu alinikalisha kwenye kiti changu kando ya dirisha la uani. Nikanyoosha mkono kwenye msumari. Mkasi haukuwepo.

Alikwenda kuutafuta, na aliutoa jikoni. Niliusikia ukigusana na sufuria. Ulinuka kitunguu. Nilimgombeza nusu saa nzima, naye akasema alikatia mfuko wa mchele, nisamehe dada. Nikamsamehe. Yaani nilimgombeza kwa ajili ya kitunguu.

Nikagonga kopo. Ti-ti-ti. Uani kukawa kimya. Nikagonga tena, nikaita. Nilimsikia anatembea, zile hatua nzito, lakini hakuja wala hakujibu.

"Amekununia," mdogo wangu alisema nyuma yangu. "Ulimwacha siku nne. Tangu uondoke hataki watu."

Nilimwamini, na kuamini kulikuwa rahisi sana. Nani asiyetaka kusikia kwamba kuna aliyekosa raha kwa ajili yake? Usiku ule niliwaza namna nilivyoondoka bila kumuaga. Asubuhi nikaanza kumuomba radhi. Nayasema haya bila haya kwa kuwa aibu si yangu: mimi mtu mzima nilikaa dirishani siku baada ya siku, nikagonga kopo, nikarusha punje za mahindi, nikamweleza ndege kwamba ilikuwa hospitali, kwamba sikuwa na hiari, kwamba jicho likipona nitamuona rangi zake vizuri kwa mara ya kwanza. Mdogo wangu alikuwa akipita nyuma yangu na ufagio. Alinisikia neno kwa neno. Siku moja alisimama akasema, "Endelea tu dada, atakusamehe." Akaenda kazini.

Mambo mengine niliyasikia nikayapitisha. Mwalimu, kuku yule aliyelala ubavuni kwa Diwani tangu wakiwa kwenye boksi, sasa alikuwa akimpiga asubuhi na jioni. Nilisikia mbawa, nilisikia anavyomfukuza kutoka kwenye banda. Nikauliza. Nikaambiwa wamekorofishana. Mteja wangu wa kicheko alikuja kunijulia hali, akacheka mpaka madirisha yakatetemeka, na uani hakuna aliyejibu. Bwana mifugo naye alipita. Nilimwambia aende amtazame Diwani kama hana ugonjwa, akaenda, akarudi, akakohoa, akasema ndege ni mzima. Hakukaa kunywa chai. Kumbe ndege mzima alikuwa ametoka kwake.

Siku ya tisa akanijibu. Nilikuwa nimegonga kopo bila matumaini, na chini ya dirisha kabisa nikasikia mlio, mfupi, kama wa anayejaribu. Nikagonga tena, akajibu tena. Nikarusha mahindi yote yaliyokuwa mkononi. Nililia na amri ya daktari nikaisahau, bandeji ikalowa, na mdogo wangu alipoingia nilimshika kiuno nikamwambia amenisamehe. Alinipapasa kichwa. Mkono wake ulikuwa baridi kwa kuwa alikuwa ametoka kuosha vyombo.

Nikamwomba anipe nimpakate. Akasema ana vumbi, nisubiri bandeji itoke. Kesho yake nikaomba, akasema amelowa mvua. Mvua ile sikuisikia. Siku ya kumi na moja, alipokwenda kazini, nilishika ukuta, nikafuata ukuta mpaka mlango wa uani, nikakaa kwenye ngazi bila kuinama, nikagonga kopo. Akaja. Alikuja kwa wasiwasi, akasimama, akaja tena, akadonoa mahindi kiganjani. Nilimpitishia mkono mgongoni. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomwacha, na nikajisemea ni huzuni. Nikamvuta mapajani. Alipambana, jambo ambalo Diwani hakuwahi kulifanya, na nikajisemea amesahau. Ndipo kidole gumba changu kikashuka chenyewe kwenye mguu wa kulia.

Kidole kilikuwa kimenyooka. Nikapapasa kingine, nikapapasa mguu wa kushoto, nikarudi wa kulia. Hakukuwa na kifundo popote. Mikono hii imepima mabega ya watu elfu. Haiwezi kudanganywa kwa kidole kimoja. Nilikaa pale na ndege wa watu mapajani, moyo wake unadunda kwa hofu chini ya kiganja changu, na nikaelewa yote kwa mpigo: kitunguu, kuku, kicheko, kikohozi cha bwana mifugo. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Miaka thelathini na moja nimeshika nguo za watu, zangu sikuzipekua.

Kilichoniuma zaidi pale kwenye ngazi hakikuwa hata kifo. Kilikuwa zile siku kumi. Nilimuomba radhi mgeni, na ndugu yangu akafagia nyuma yangu.

Sikusema kitu aliporudi. Nilitaka aseme yeye. Nilimpa mlango kila siku. Nikamuuliza Diwani amekula nini, nikamuuliza kidole chake hakimsumbui kwenye baridi. "Kidole kipo vile vile," alisema, "nilimpaka mafuta juzi." Hakuulizwa habari za mafuta. Aliyaongeza mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yeye aliipamba maua pande zote mbili. Na kila alfajiri, nikiwa nimelala macho yamefungwa, nilimsikia amekaa kwenye kiti changu akinitungia uzi sindano ishirini, ingawa sikuwa nashona.

Bandeji ilitoka siku ya kumi na tano. Nilikuwa nimesahau kwamba ukuta una nyufa, kwamba majani yana ncha. Alinipokea mlangoni, na kitu cha kwanza nilichokiona vizuri baada ya miaka miwili kilikuwa uso wa mdogo wangu. Alikuwa amezeeka. Alikuwa na alama mpya ya kuungua kwenye kidevu, na aproni nyeupe yenye mstari mwekundu kifuani, ya mpishi mkuu. Alikuwa anatabasamu, anangoja nimsifie.

"Diwani yuko wapi?" nilimuuliza.

"Si yule pale uani."

"Nimekuuliza Diwani."

Tabasamu lilikaa kidogo, kisha likaondoka. Alikaa kwenye benchi la jikoni, nikabaki nimesimama. Alieleza huku akiangalia mikono yake. Walikuwa wameagiza bata mzinga wawili kwa ajili ya meza ya meneja. Gari lilikwama njiani nyama ikaharibika, mmoja akafaa, mmoja akanuka. Saa sita mchana. Bwana mifugo alikuwa safarini mpaka kesho yake. Watu waliomsubiri aanguke walikuwa wamesimama mlangoni mwa jiko wakitazama. Alikuja nyumbani, akasema, akijiambia anakuja tu kukaa kidogo apumue. Baadaye akamtafuta mwingine, anayefanana naye, akadhani kwa hali ya macho yangu, na kwa kuwa nilikuwa mgonjwa, angeniambia taratibu. Kisha nikaanza kuomba radhi, na kila siku ikawa ngumu kuliko jana yake.

Asiyekuwepo na lake halipo. Nilimwambia hivyo, akakubali kwa kichwa.

"Diwani hakuwa akija kwako," nilisema. "Ulikuwa huwezi kumkaribia. Ulimkamataje?"

Alitazama dirishani, kwenye msumari.

"Sema."

"Niligonga kopo," alisema. "Alikuja mbio, dada. Aliponiona ni mimi akasimama. Nikagonga tena, akaja."

Nilimuuliza habari ya supu ya hospitali. Akainua uso kwa mara ya kwanza, akaapa kwamba ile ilikuwa ya kuku, kuku wa sokoni, aliapa kwa kaburi la mama. Huenda ni kweli. Nilimtazama kwa jicho langu jipya, lililoona hadi kinyweleo cha nyusi zake, na sikuweza kujua. Aliniapia pia kwenye ngazi ile. Toka siku hiyo kiapo chake kwangu ni maneno kama maneno mengine, na supu ile nimebaki nayo.

Alilia. Alisema nimpige kama inanisaidia. Alisema miaka kumi na tisa, dada, miaka kumi na tisa. Najua. Nilimuombea mimi mwenyewe. Kama angenijia kitandani hospitali akaniambia, dada, nimekwama, nipe mwanao, sijui ningejibu nini, na hilo nalo ameninyang'anya, sitalijua kamwe.

Hatukugawana nyumba. Tunaishi humo humo, tunapeana chumvi. Asubuhi iliyofuata nilimkuta amekaa kwenye kiti changu na uzi mweusi. Nilimwambia ainuke. Nikazivuta nyuzi zote alizokwisha kutunga, moja moja, mbele yake, kisha nikazitunga upya mwenyewe kwenye mwanga wa dirisha. Ilinichukua dakika tatu. Alisimama akitazama mpaka mwisho, akachukua mkoba wake akaenda kazini.

Lakini uani kulikuwa na jambo lingine, na hilo nililifanya kwa mikono yangu. Nilipotoka na mkasi na kopo ili nivioshe kabla ya kuvirudisha mahali pake, mkasi uligusa kifuniko kwa bahati mbaya. Yule mgeni alikuwa upande wa mbali, nyuma ya kamba za nguo. Aliinua kichwa, akaja mbio. Kifua mbele, mkia unatandazika, kichwa kimekuwa chekundu, kisha bluu, rangi safi nilizomwahidi mwingine kwamba nitaziona. Akasimama miguuni pangu, akanitazama kwa jicho moja, akajibu.

Mdogo wangu alikuwa amerudi mlangoni, alisahau ufunguo. Alimuona akija. Nilimuona akimuona.

Toka siku hiyo, kila asubuhi, nikishamaliza sindano zangu, natoka uani na mkasi, kopo, na ndoo ya maji. Nagonga, ti-ti-ti. Akija, namwagia maji, nampigia kelele, namfukuza mpaka ukutani. Chakula chake nampa baadaye kimyakimya, mahali pengine, kopo likiwa ndani. Siku za kwanza hakuelewa. Alikimbia, akarudi, akajibu, akalowa tena, akanitazama. Mdogo wangu aliniuliza siku ya nne kama nimeamua kumtesa ndege kwa kosa lake yeye. Nikamwambia sijamtesa mtu. Nilimwambia namfundisha somo ambalo Mwalimu hakuwafundisha, na mimi pia sikulijua.

Leo ni siku ya kumi na mbili. Niligonga mara moja, hakusogea. Nikagonga tena, kwa nguvu, kama mdogo wangu alivyogonga. Alibaki kando ya ukuta, shingo imenyooka, ananitazama, wala hakujibu. Nikasubiri. Nikagonga mara ya tatu. Akageuka, akaenda nyuma ya banda, na Mwalimu akampisha.

Nikamwaga maji chini, nikaingia ndani, nikautundika mkasi kwenye msumari wake. Kisha nikakaa kwenye kiti changu nikalia. Daktari alikuwa ameshaniruhusu.